Chokoleti ya Chanji Yavuka Ziwa

Safari ya kwanza iliwaletea aibu, na aibu yenyewe ililetwa na mazoea mema. Mfipa akishusha ulezi au mahindi kutoka safarini, hufungua magunia yapate hewa, yasivunde. Ndivyo Leonsi alivyofanya pale Kabwe, kando ya Ziwa Tanganyika. Alishusha maboksi ya chokoleti ya mkewe Gaudiosa yakiwa bado na baridi ya Sumbawanga, akayafungua yote katika joto lile la ziwani. Chokoleti ikatoka jasho kama mcheza ngoma. Ilipofika Kongo ilikuwa na madoa meupe, na Stefania, mnunuzi wao wa Kalemie, akapiga simu: "Mumenitumia chokoleti yenye mvi!"

Akakubali kujaribu mara moja tu tena. Ikiharibika, basi. Na bila Kongo, karakana ya Chanji, kule Sumbawanga, ambako Gaudiosa na dada yake Marsiana walisaga kakao ya Kyela mpaka mabega yakafa ganzi, ingefungwa.

Mara hii Stefania alivuka ziwa mwenyewe kuja kukagua. Gaudiosa na Leonsi walimkuta Kabwe amesimama juani kati ya wauza dagaa, kitenge kimemganda mgongoni. Boksi la mwisho lilipotua tu, mkono wa Leonsi ukakimbilia utepe wa gundi kulifungua.

"Leonsi! Huo si ulezi!"

"Mke wangu, mzigo unakosa hewa."

"Ukose! Hujaona soda ya friji inavyolowa hapa Kabwe? Ukifungua sasa, unyevu wote utaivamia chokoleti. Acha baridi itoke taratibu, humo humo ndani."

Gaudiosa akayapanga maboksi kivulini, akalikalia la juu.

Stefania akaangua kicheko. "Ninyi Wafipa munauza chokoleti ao munaatamia mayai? Fungua, mama. Boti yangu haingoji mtu."

"Itangoja."

"Na nikienda zangu?"

"Nenda salama. Mzigo wangu haufunguliwi kwa haraka za boti."

"Mukaidi huyu!" Stefania akawaambia wauza dagaa. "Anafukuza muteja muchana kweupe!"

Wakacheka. Honi ya boti ikalia. Gaudiosa akainama, akaweka shavu kwenye boksi: bado baridi. Saa nzima ikapita, honi ikalia tena, na Stefania akaanza kuteremka kuelekea majini. Moyo ukamwambia Gaudiosa, fungua, mjinga wewe, utampoteza! Akauma midomo, akabaki palepale. Alipoweka shavu tena, boksi halikuwa baridi wala moto, kama mkate wa jana.

Akaruka chini. "Stefania! Njoo uione mvi!"

Leonsi akachana gundi. Chokoleti ikatokea nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Stefania akarudi kwa hatua nzito, akachukua kipande, akakigeuza huku na huku akitafuta doa. Hakuliona. Akakivunja.

Ko!

Hata wauza dagaa wakasogea. Stefania akatafuna, amefumba macho. Kisha akageukia boti akapaza sauti: "Kapiteni! Zima mashine! Mwanamuke huyu ana mzigo!" Akamshika Gaudiosa mkono. "Hii yote yangu. Na ya mwezi ujao, usiuzie mutu mwingine."

Leonsi alikuwa tayari ana boksi begani, anateremka majini akiimba kwa Kifipa. Gaudiosa akapiga kigelegele kilichowatawanya kunguru juu ya vichanja vya dagaa, halafu akatoa simu.

"Marsiana? Washa jiko! Kaanga kakao yote iliyobaki!"