Paa la Kioo

Karakana yetu ya magari ya umeme ina sheria moja inayonikera: anayetaka kuongeza kitu kwenye gari sharti akibebe mikononi muda wote anaokitetea. Aliyeileta ni mhandisi mkuu, ambaye sisi humwita Mama Mizani, baada ya kuchoshwa na maneno yetu. Kila uzito unaoongezeka hudai betri kubwa zaidi, anasema, na betri kubwa ni mashimo mengine ya kuchimba madini na bei isiyoshikika. Ukiona kitu ni cha lazima, kibebe. Mikutano yetu ni mifupi ajabu.

Siku hiyo ilikuwa zamu yangu. Mimi ndiye mbunifu wa umbo la gari, na nilikuwa nimelichorea na kulitengenezea paa la kioo kitupu kuanzia mbele hadi nyuma. Lilikuwa zuri, jamani, sioni aibu kusema. Nikamwalika na dada yangu mkunga aje alisifie mbele ya wenzangu, maana gari lenyewe nililibuni nikimfikiria yeye. Msimu wa mvua uliopita alianguka na pikipiki akienda kuzalisha, na tangu hapo kila akichelewa kurudi nyumbani roho yangu huwa juu juu.

Nikalibeba paa, nikaanza. Nikaeleza mwanga, nikaeleza mbingu. Fundi wa nyaya, mtu wa mzaha, akaomba nirudie kila jambo polepole kwa faida ya wazee, na pale hapakuwa na mzee hata mmoja. Jasho likanitiririka hadi puani na sina mkono wa kujifuta. Nikang'ang'ana. Dada akalizunguka lile paa, akaligusa, akasema hajawahi kuona gari lenye kitu kizuri namna hiyo. Nikawatazama wenzangu kwa majivuno.

Kisha akamuuliza Mama Mizani bei. Akatajiwa ya gari lenye kioo, pamoja na betri inayoweza kukibeba. Hakuguna wala hakulalamika. Alinishika bega.

"Hongera, mdogo wangu," akasema. "Watakaolinunua watafurahi."

Akachukua kofia yake ya pikipiki, akaelekea mlangoni.

Watakaolinunua. Hakujihesabu. Nilijisikia vibaya sana, na hasira zote nilizokuwa nazo juu ya ile sheria zikanigeukia mwenyewe.

Nikamwomba asubiri kidogo, nikalitua paa chini. Nikaenda kwenye rundo la mabati mepesi tunayoyatengeneza kwa vyuma vya magari mabovu, nikachomoa moja, nikarudi nalo mbele ya mkutano nikiwa nimelishika kwa mkono mmoja. Fundi wa nyaya alicheka hadi akashika mbavu. Mama Mizani, bila hata kutabasamu, akaniuliza kama bado nina kitu cha kutetea.

"Ninacho," nikasema, "na hiki naweza kukitetea hadi jioni. Dada, rudi ukae."