Vidonge vya Umra

Dada yangu Ghaniya alikwenda umra, ile hija ndogo, mara mbili, na mara zote mbili hedhi ilimkuta anaingia Makka. Wenzake wakatufu, wakaizunguka Kaaba; yeye, kwa kuwa mwenye hedhi hatufu, akabaki hotelini akilinda mabegi na kulia. Mara ya tatu, mwaka 1998, aliapa kwamba hatarudi mjini kwetu Ibra hivi hivi.

Aliyemtia moto ni Khamisa, jirani yetu, mwanamke mwenye jibu la kila kitu. Alimpa vidonge vyake mwenyewe vya kupanga uzazi. Ibra nzima wanawake wanavijua: humezwa ili damu isije safarini, isije Ramadhani, isije usiku wa harusi. Ghaniya alikuwa na miaka arubaini na nne, na presha juu yake.

"Meza viwili viwili, khalas, uwe na uhakika," Khamisa akamwambia.

Mume wa Ghaniya, aliyebaki kazini, hakuambiwa. Hayo si mazungumzo ya wanaume.

Tulisafiri kwa basi, sisi wanawake watatu, mimi, Ghaniya na Khamisa, pamoja na Muatasim, mtoto wa kiume wa Ghaniya, aliyekuwa maharimu wake, yaani mwanamume wa kumsindikiza kisheria. Siku ya pili mguu wa kushoto wa dada ukavimba, ukawa mwekundu na wa moto. Khamisa akatoa mafuta ya karafuu akaanza kuuchua, na dada akauma shela yake asipige kelele. Sikuweza kutazama tena. Nilimgombeza dereva mpaka akasimama kwenye hospitali ya kwanza njiani.

Daktari, mama wa Kisudani, alimtoa Muatasim nje, akaubonyeza mguu, akauliza kwa Kiarabu mgonjwa anatumia dawa gani.

"Ya presha tu," Ghaniya akajibu. Kisha kwa Kiswahili, bila kunitazama: "Ukifungua mdomo, Badriya, wallahi sikusamehe."

Nikaufungua. Nilisema yote, mpaka viwili viwili.

Daktari akakaa kitandani, kando ya Ghaniya. Alisema homoni ya kike, istrojeni, huwa rafiki wa moyo na mishipa pale mwili wa mwanamke unapoitengeneza wenyewe. "Lakini hii ya vidonge, kwa umri wako, na presha, na kukaa garini siku mbili, hugandisha damu. Pande la damu limo mguuni. Likipanda mapafuni litakuua. Acha vidonge, ulale hapa leo."

"Nikiacha, damu itakuja lini?"

"Siku mbili, tatu."

Dada akavaa viatu.

Nje nilimwambia Muatasim, bila kutaja vidonge, kuwa damu imeganda na mama yake alazwe, lakini dada akanikatiza. "Uchovu tu, mwanangu. Baada ya umra nitalala hata mwezi." Muatasim ni kijana mwenye adabu. Alimshika mkono akampandisha basini.

Alitufu, ndiyo. Mzunguko wa nne akashika kifua, akasema hapati pumzi, akakaa chini kwenye marumaru huku watu wakitupita. Alisaliwa Msikiti Mtukufu, akazikwa huko huko.

Tuliporudi Ibra nyumba ilijaa watu. Khamisa alikaa katikati ya wanawake akisimulia.

"Mashallah, kafa na tohara yake, mbele ya Kaaba! Nani kati yetu kapata bahati hiyo?"

Wanawake wakatikisa vichwa, na nikaona wazi kuwa wanamwonea marehemu wivu. Hasira zikanipanda, nikasimama.

"Kafa kwa vidonge vyako, Khamisa! Damu imemganda kwa vidonge vyako!"

"Badriya, aib! Wanaume wapo ukumbini."

"Nataka wasikie!"

Muatasim akaja mlangoni. "Vidonge gani, khalti?" akaniuliza mimi, ndugu wa mama yake.

Nikamweleza mbele yao wote, hedhi nikaiita hedhi. Wengine waliziba masikio. Yeye alisikiliza mpaka mwisho, na nilimwona anaelewa kwamba angejua yote siku ile, angembeba mama yake mabegani na kumrudisha hospitali. Nilimsubiri amrukie Khamisa. Hata hakumtazama.

"Nani mwengine anavimeza?" akauliza.

Bibi mmoja alijitia kuvuta uradi kwa tasbihi yake. Kisha Wijdan, dada yake Muatasim wa miaka kumi na tisa, mwenye harusi mwezi ujao, akainua mkono.