Upande wa Kushoto

Kijiko kiligonga gilasi jikoni, ting, ting, kabla hata ya adhana ya alfajiri. Baba alikuwa ameshaamka. Taa hakuwasha, maana tangu figo zimshinde mwanga ulimuumiza macho. Alinikorogea chai kwa sukari ya mawe, kama kila siku ya mashindano yangu.

"Kunywa, Golrokh," akasema gizani. "Leo nitakusikia mpaka mwisho."

Kunisikia tu. Kuniona nikiogelea kulikoma nilipotimiza miaka tisa, umri ambao kwetu Yazd msichana huvishwa shuka jeupe la sala na kuhesabiwa mtu mzima. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, kwenye birika la shamba la makomamanga. Alisimama ukingoni, kushoto kwangu, akaniambia, "Ukitaka pumzi, nitafute mimi." Baadaye kaka zake wakamwambia inatosha, binti amekua. Akawa ananipeleka bwawa la wanawake na kuningoja nje, mgongo ukutani.

Sasa daktari alikuwa ameacha kutupangia siku za kurudi. Nilitaka Baba anione majini, hata mara moja.

Mlangoni pa bwawa nikamvuta kando Bi Turan, mlinzi wa pazia la kuzuia wanaume, aliyekuwa akikusanya simu zetu kwenye kapu tusipigane picha.

"Bi Turan, ni mgonjwa yule. Asimame tu nyuma ya pazia. Ni baba yangu."

"Ni baba yako wewe. Hao wengine majini ni baba yao?"

"Atafumba macho mpaka zamu yangu."

"Na akiyafumbua mapema, kazi yangu utanirudishia wewe? Bibie, nikimruhusu huyu, kesho mji mzima utakuwa baba zako."

Kisha akamtazama Baba pale nje, akanyanyua kiti chake mwenyewe, akampelekea kivulini. Hakuwa na zaidi ya hicho.

Nikaingia na binti yangu Yasna, nikamketisha mbele. Nikaogelea kwa nguvu zangu zote, nikawa wa tatu. Aliyeshinda ni msichana wa Isfahan, Mahrokh, na ukumbi mzima ukapiga kelele kumwita.

Nilipotoka, nywele zikichuruzika ndani ya mtandio, nilimkuta Baba amesimama, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika boksi la kotabu, vikeki vya lozi vyenye sukari. Alikuwa akiwagawia wapita njia.

"Samaki huyo, mzee," muuza juisi alimwambia, mdomo umejaa. "Ungemzaa baharini."

"Nimewasikia," Baba akaniambia, macho yamelowa. "Rokh, Rokh, mpaka ukuta unatetemeka."

Nikapokea kotabu, nikauma.

"Baba, yule alikuwa Mahrokh. Mimi ni wa tatu."

Akafunika boksi polepole, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Basi nimemsherehekea mtoto wa mwenzangu," akasema. "Haidhuru. Na yeye ana baba, yuko nje ya ukuta fulani."

Muuza juisi akacheka. Mimi sikuweza. Baba akajishikilia kwenye kiti, akaketi, akamvuta Yasna katikati ya magoti yake.

"Wewe uliyemwona, niambie. Mama yako anaogeleaje?"

Yasna akalamba sukari kidoleni, akafikiri.

"Mama anageuza kichwa kushoto tu, Babu."