Mpishi Aliyeunguza Maji

...na tena si kuungua kwa kawaida, sufuria lenyewe limekula moshi mpaka likasahau rangi yake, Maswali analikwaruza kitako kwa ukucha huku maji ya chai ya wageni yakisuasua kwenye jiko, anajiuliza, mpishi wa jeshi gani huyu, mpishi gani anaunguza mpaka maji, maana Bibi aliyaunguza kweli, aliyabandika akaenda kukunja mablanketi yake, aliporudi akakuta sufuria kavu linalia, akasema tu, "Yameiva sana," akatoka zake... na huko sebuleni Mjomba anapaza sauti, "We Maswali! Ukishaleta chai utusemee mawili matatu kuhusu mama, wewe ndiye uliyekuwa unalala naye chumba kimoja," "Haya, Mjomba," lakini aseme nini, mawili yapi, matatu yapi, mtu amefariki mwezi uliopita na watoto aliowazaa wanajua jambo moja tu, kwamba alikwenda vitani na huko vitani alikuwa mpishi, basi, na Maswali hataki kusimama mbele ya watu amweleze Bibi yake kwa jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini, hata jina hili la Maswali alipewa na Bibi, "Mtoto huyu mdomo wake haujui kufungwa," na maswali yote alimjibu isipokuwa hilo, vitani ulifanya nini Bibi, nilipika, ulipika nini, chakula, na adui ulimwona, niliona masufuria, nenda kalale... na Babu, alipokuwa hai, akichekea ndani ya kikombe, eti kama kweli huyu alilipikia jeshi basi ndiyo maana askari walipigana haraka haraka, wawahi kurudi kula kwa mama zao, na Bibi ndiye aliyecheka kuliko wote, machozi yakamtoka, alipenda kutaniwa kwa mapishi yake kama wengine wanavyopenda kusifiwa, na hilo nalo, ukucha wa Maswali unasimama, hilo nalo, nani anafurahi watu wakiicheka kazi yake, labda mtu ambaye hiyo haikuwa kazi yake... maji bado, gesi imepungua au ni haraka zake tu, Mama Mdogo anauliza sukari iko wapi kisha anajijibu mwenyewe, na yule mzee mrefu asiyejulikana na mtu, aliyeingia akavua kofia mbele ya picha ya Bibi akasimama wima mpaka waliokaa wakaona haya, sasa anaongea, sauti yake inafika jikoni nusu nusu, "...miguu yangu hii miwili... ni ya mama yule, mimi na wenzangu..." na Mjomba anadakia, "Kweli kabisa mzee wangu, mtu ni chakula!" watu wanacheka, kijiko kinaanguka, "Chakula?" anasema mzee, anakiokota kijiko, "Sisi tulikuwa tunapita nyuma yake," "Nyuma ya jiko," anamalizia Mjomba, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuacha kimya kipumzike.

Nyuma yake. Tulikuwa tunapita nyuma yake... Maswali ameshika sufuria kifuani bila kujua, masizi yanampaka, na siku ile ya hereni inamjia yote, hereni ya harusi ya Mama Mdogo iliyodondoka uani wakati wa kufua, watu wakaanza kukimbia huku na huku wakiitafuta, Bibi akatoka mlangoni na sauti ambayo haikuwa ya bibi wa mtu, "Simameni mlipo! Mguu usiinuke!" hata kuku alisimama, akafungua kamba za kuanikia nguo, akaugawa ua vipande vyembamba vyembamba, akalala kifudifudi kwenye udongo na gauni lake la kutokea, mwanamke mzima mwenye wajukuu, mkononi ile sindano yake ya kufumia, yeye ambaye hakuwahi kumaliza sweta hata moja, akawa anauchoma udongo, kwa mshazari, polepole, anachoma, anasikiliza kwa vidole, anasogea, anachoma, Bibi mbona unafanya hivyo, na yeye bila kugeuka, "Ukikijia kwa juu unakigonga kichwa. Kijie ubavuni utakikuta kimelala," na Maswali, pamoja na jina lake lote, siku hiyo hakuuliza zaidi, hereni gani ina kichwa, hereni gani inalala, kwa nini mtu aiogope hereni, na ilipoonekana, Mama Mdogo akanyoosha mkono aichukue, akapigwa kofi mkononi, "Hujafundishwa?" Bibi akaupuliza udongo kwanza, akazunguka pande zote, ndipo akaiinua, akaiangalia kama anayeshangaa kwamba ni hereni tu... mabomu, Mungu wangu, mabomu ya ardhini, Bibi alikuwa anategua mabomu, yeye mbele kwa tumbo na kijichuma chake, na wanaume wenye bunduki wamesimama nyuma wakisubiri mwanamke awafungulie njia, na mzee huyu mrefu alikuwa mmoja wao, kijana mwenye miguu miwili anayotaka kubaki nayo, kumbe, kumbe... lakini kwa nini jikoni, Bibi, kwa nini usiseme, ah, nani humwuliza mpishi swali la pili, ukisema nilipika watu wanacheka na mazungumzo yanakwisha, hakuna mtoto atakayeuliza je, kuna aliyekosea akalipukiwa pembeni yako, aliitwa nani, mlimwokota vipi, na pengine yupo, pengine wapo, na sasa Maswali anataka kujua yote na wa kumjibu hayupo, inamuuma na inamwasha, angempa nini Bibi sasa hivi apate jibu moja tu.

"Maswali, chai vipi?" "Bado, Mjomba," na kweli bado, maji hayajatoa hata povu, na akienda pale akawaambia, utani wa Babu utakufa, Mjomba atabaki mdomo wazi, na Bibi mwenyewe aliutaka utani ule, aliulinda, sasa mjukuu ana haki gani... aah, lakini njia ya shule, hiyo ni ya Maswali peke yake, hiyo hakumwambia mtu ila mama yake mara moja, kwa kilio, kwamba wenzake wote hushikwa mkono na bibi zao na yeye hashikwi, Bibi hutangulia mbele peke yake kukatiza kile kiwanja cha majani marefu, hageuki, anasema tu, "Kaa nyuma. Kanyaga ninapokanyaga," na mtoto anafuata akivitazama visigino vya viatu vyake, akijiuliza Bibi anamwonea haya kwa lipi, na donge hilo alikaa nalo, alimpenda nalo, hata miezi hii ya mwisho akimwogesha, akimgeuza kitandani, akiushika mkono ule kwa nguvu kama anayedai haki yake, donge lilikuwepo, na kumbe Bibi alitangulia ili kama chini kuna chochote kiwe chake yeye, kila asubuhi, kwenye kiwanja ambacho hakijawahi kuona vita.