Zipu ya Hema

Mama mshonaji aliogopa gesi kuliko nyoka. Juzi, binti yake alipokuwa akichagua jiko la kwenda nalo mlimani, mama alimganda muuzaji kwa maswali mpaka waliokuwa nyuma yao wakaanza kuguna. Alilikataa jiko la miguu myembamba, akataka la miguu mipana lisilopinduka. Mitungi ya gesi walinunua miwili, lakini binti alipofunga begi, mama aliuficha mmoja. Ukilipuka wa kwanza, alijiambia, wa pili utaitikia.

Tangu hapo hakupata usingizi na mtungi ndani ya nyumba. Leo mchana akaurudisha dukani, ameutumbukiza kwenye ndoo ya maji. Muuzaji alicheka hadi machozi.

"Mama, huu haulipuki hivi hivi. Watoto wamefika?"

"Wapo kambini tangu asubuhi, yeye na shoga yake."

"Na mvua hii, wanapikia wapi?"

"Ndani ya hema. Niliwaambia wasithubutu kuwasha jiko kwenye upepo." Akajisogeza karibu, kajaa fahari. "Na vile vitundu vya juu nimevishonea kitambaa kwa mkono wangu. Uzi mara mbili. Hata tone haliingii."

Kicheko kilimkauka muuzaji.

"Vitundu vile ni vya hewa, mama. Jiko likiwaka palipozibwa linatoa sumu isiyo na harufu. Mtu anasikia usingizi tu, basi. Wapigie sasa hivi."

Mshonaji akatoa simu. Simu ya kwanza haikupatikana. Ya pili iliita mpaka ikakatika. Ya tatu binti alipokea, sauti nzito.

"Shikamoo, mama. Tunapika. Tumefunga kila mahali, kama ulivyosema."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amelala. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Hata mimi nasinzia, nitakupigia baadaye."

"Usikate. Fungua zipu."

"Mama, mvua ni kubwa."

"Fungua, mwanangu. Zima jiko, mburute mwenzako mtoke nje. Lowaneni."

Mshonaji aliibana simu sikioni, akiogopa hata kupumua. Alikuwa akiufikiria ule uzi mara mbili. Kisha akasikia zipu ikifunguka, na mvua, na kitu kizito kikiburutwa. Binti yake akakohoa, akakohoa tena.

Alisimama pale kando ya ndoo yake, akisubiri kikohozi cha yule mwingine.