Yai na Kijiti

Mkuu wa kitengo cha vitabu vya kigeni, katika maktaba ya chuo ninamofanya usafi, tunamwita Bwana Haipo. Jina hilo sikumpa mimi, nililikuta. Ukimuuliza kitabu, hujamaliza hata kukitaja, kichwa kimeshatikisika: "Haipo." Mtoto wa darasa la pili anajua kwamba kitabu hakipo na magazeti hayapo, lakini kwake yeye kila kitu ni haipo. Kitabu haipo, magazeti haipo, funguo za choo haipo.

Nimedeki chumba chake miaka kumi na mmoja, nikimvumilia kama mtu anavyovumilia jino bovu. Lakini safari hii jino lilimuuma mwanangu.

Kitinda mimba wangu anasoma chuo hicho hicho, mwaka wa mwisho. Kikorea amekisoma miaka mitatu, na anataka kuandika tasnifu yake juu ya barua za wanawake wa Korea wa zamani. Alinieleza kwamba wasomi wao wa kiume walikuwa wakiandika kwa herufi za Kichina, maelfu kwa maelfu, na zile herufi nyepesi za kwao wenyewe wakazidharau, wakaziita za wanawake. Basi wanawake wakazichukua. Wakaandikiana wao kwa wao, wakawaandikia waume walio safarini. Kuna na wajane waliowaandikia waume waliokwisha kuzikwa. Baba wa wanangu ana mwaka wa nane kaburini, na mimi huzungumza naye kila nikimaliza sala, bila karatasi.

Jumanne alasiri binti yangu alirudi, akaitupa fomu mezani, akakaa bila kuvua viatu.

Fomu ile ina mistari kumi. Mwanafunzi anaandika vitabu na makala kumi atakavyotumia, na mkutubi anaandika mbele ya kila kimoja kinapatikana wapi. Vinavyopatikana visipofika sita, mada inafutwa na msimamizi anakupa nyingine. Mwisho wa kurudisha ulikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi.

Nikavaa miwani. Haipo. Haipo. Haipo. Mara kumi, na muhuri chini.

"Hata kwenye kiti hakuinuka, Mama," alisema. "Alibonyeza kompyuta mara moja, akaandika zote kumi huku anatafuna."

"Na msimamizi anasemaje?"

"Anayo mada mfukoni. Maegesho ya magari chuoni." Akacheka kicheko kibaya. "Miaka mitatu nasoma Kikorea, nikahesabu magari!"

Nilihisi kifua kinapata moto. Nikasema astaghfirullah mara tatu, moto ukabaki pale pale. Nikamuuliza vitabu hivyo kaviandika nani. Akasema saba ni vya watu wa ukoo mmoja, Lee, jina limejaa kule kama mchanga. Kile cha mstari wa kwanza ndicho uti wa mgongo wa kazi yake. Tatu zilizobaki ni makala za mtandaoni.

"Na huyo Lee, wenyewe kwao wanamwandikaje?"

Akachukua kalamu, akachora pembeni mwa fomu: 이. Duara, na mstari umesimama kando yake.

"Huyu namjua," nikasema.

"Nani?"

"Yai na kijiti. Ghorofa ya tatu, upande wa dirishani. Yuko kwenye migongo ya vitabu, chini, pale linapokaa jina la mwandishi."

"Mama, wewe husomi Kikorea."

"Sisomi. Nafuta vumbi."

Akanitazama. Nikamwambia jambo ambalo limekuwa likinikera miaka yote hiyo. Mayai na vijiti yale hayakai pamoja. Mengine yako rafu ya L, mengine ya Y, mengine ya R, kama watoto wa mama mmoja waliogawanywa kwa shangazi. Kila nikipita na kitambaa changu huwa nawaonea huruma. Nilidhani wenye elimu wana sababu yao.

Binti yangu akajipiga kofi la paji la uso. "Yi! Rhee! Jina ni moja, Mama! Ni hilo hilo! Kila mtu anageuza kwa herufi zetu anavyotaka. Mimi niliandika Lee kwa sababu makala niliyosoma iliandika Lee."

"Na Bwana Haipo?"

"Akatafuta Lee."

Jumatano asubuhi, kabla ya kuingia kazini, nilimwambia Mungu anipe ulimi mtamu. Nilipomaliza ghorofa ya kwanza nikapanda kwake. Yuko na watu watatu, wanapiga soga. Nikamwamkia, nikamweleza polepole, kama mtu anavyompa mgonjwa uji.

"Mama Deki," akasema, "kompyuta inasema haipo."

"Kompyuta umeiuliza jina gani, mwanangu?"

"Jina lililoandikwa."

"Basi iulize na hili la Y."

Akawageukia wenzake. "Jamani, njooni mwone! Tangu lini ufagio unasoma Kikorea?" Wakacheka. Akaniambia, "Ndoo yako iko mlangoni, Mama. Mtu ataanguka."

Niliishika ndoo kwa mikono miwili. Siku zote nimemwona akilala juu ya meza niliyoipangusa. Nimewaona wanafunzi wakitoka kwake wameinamisha vichwa kama waliotukanwa. Nikakaa kimya, nikijiambia si kazi yangu, mimi ni wa maji na sabuni. Hasira yangu ya siku ile, nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Nikashuka, nikamwita binti yangu kwa simu. "Njoo na fomu mpya. Njoo sasa hivi."

Sheria inaniruhusu kutoa kitabu rafuni ninapofuta vumbi. Basi nikafuta. Rafu ya Y nikaifuta, ya R nikaifuta, ya L nikaifuta. Kila penye yai na kijiti nilikitoa, nikakifuta kurasa na mgongo mpaka kinang'aa, nikakiweka kwenye toroli. Dada wa kaunta, yule anayeazimisha vitabu, akaniona.

"Mama, unahama?"

"Nafanya usafi, binti yangu. Leo usafi wa kweli."

Akaja kunisaidia kusukuma. Binti yangu alipofika tulikuwa tumeshasimama mbele ya meza ya Bwana Haipo, na wale watatu bado wapo.

"Hawa ni ndugu," nikamwambia, nikiviweka mezani kimoja kimoja. "Baba mmoja, mama mmoja. Huyu umemweka Y, huyu R, huyu L. Tazama migongo."

Hakutazama. Binti yangu ndiye aliyefungua. Cha kwanza akakiweka pembeni. Cha pili akakiangalia ukurasa wa ndani, akakaa chini sakafuni pale pale na kitabu kifuani. Kilikuwa kile cha mstari wa kwanza. Kilikuwa rafu ya Y, mita sita kutoka kwenye kiti cha mtu aliyeandika haipo, na vumbi lake nimelifuta mimi miaka kumi na mmoja.

Wakaendelea, yeye na dada wa kaunta, wakilinganisha na fomu. Mstari wa pili. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Halafu akakishika kimoja chenye jalada la kijani, akasita.

"Mama, hiki sicho."

"Yai na kijiti si hilo hapo juu?"

"Ndiyo, lakini hapa si jina la mtu. Ni mwanzo wa neno lao la hadithi. Hiki ni hadithi za watoto."

Bwana Haipo aliruka kama aliyetupiwa embe. "Enhe! Nilisema mimi! Profesa wetu wa ndoo kaleta hadithi za watoto!"

"Nimekosea kimoja," nikamwambia. "Wewe umekosea kumi, tena kwa muhuri."

Mmoja wa wale watatu alikohoa kuficha kicheko, na safari hii hakikuwa cha kunicheka mimi.

Vikapatikana vitano. Viwili vya mwisho havikuwepo kweli, toroli lilikuwa limekwisha. Tano si sita. Nilimwona binti yangu akihesabu kwa kidole mara ya pili, kama vile hesabu itaona haya na kuongezeka.

"Zimebaki makala za mtandaoni," akasema. "Nahitaji moja tu. Maktaba ina ruhusa ya ile hazina ya makala za Kikorea?"

"Haipo," akasema Bwana Haipo.

Hapo ulimi mtamu niliouomba ukaniacha.

"Nyanyua kalenda yako," nikamwambia.

"Nini?"

"Kalenda. Chini yake kuna kioo cha meza, na chini ya kioo kuna barua kutoka Korea. Kioo hicho nakipangusa kila siku ya Mungu. Barua imeandikwa lugha mbili, na moja ni yetu. Inasema ruhusa ya kusoma makala za Kikorea imetolewa kwa wasomaji wote wa maktaba hii. Wote! Na neno la siri liko chini, kwa wino wa buluu. Niliishia darasa la saba, mwanangu, lakini la saba si sifuri."

Dada wa kaunta ndiye aliyenyanyua kalenda.

Binti yangu akaandika lile neno kwenye kompyuta. Ikakataa. Akaandika tena, taratibu. Ikakataa. Dada wa kaunta akaisoma barua mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ruhusa ilipaswa kuombwa upya kila mwaka, kwa barua ya mistari miwili tu, na hii ilikuwa ya miaka minne iliyopita.

"Ulishawahi kuifungua hata mara moja?" nikamuuliza Bwana Haipo.

"Hakuna aliyeniuliza," akasema.

"Wamekuuliza! Mimi nilikuwepo, nadeki. Wamekuuliza, ukawaambia haipo!"

Nilipiga kelele ndani ya maktaba. Sijawahi kupiga kelele hivyo hata siku ya msiba wangu. Watu walichungulia kutoka ghorofa ya pili. Nikamvutia kibodi mbele yake, nikasimama na ufagio wangu. "Mistari miwili. Andika." Akaandika. Sikuondoka mpaka nilipoona imetumwa.

Kule Korea kunakucha sisi tukiwa bado kitandani. Alhamisi saa mbili dada wa kaunta alifungua barua pepe ya kitengo, akakuta jibu na neno jipya. Saa mbili na nusu makala zote tatu zilikuwa zimefunguka. Nane. Saa tatu na dakika hamsini binti yangu alikuwa mlangoni kwa msimamizi na fomu mpya, na muhuri uligongwa na dada wa kaunta, kwa sababu Bwana Haipo alisema wino haipo.

Mada imepita. Maegesho kapewa mwingine, masikini.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa ukutani: kitengo, chini ya uongozi wa mkuu wake, kimegundua namna mpya ya kutafuta vitabu vya Kikorea. Nililisoma nikiwa nimeshika kitambaa. Sikulichana. Nilichukua kipande cha boksi, nikaandika kwa kalamu nene: UKIKOSA HAPA, TAZAMA PIA Y NA R. Chini yake nikachora yai na kijiti, nikakisimamisha rafu ya L. Vingine viwili, nimebadilisha herufi, nikaweka kwenye Y na R.

Yeye huviondoa jioni kabla ya kutoka, anasema vinachafua rafu. Mimi naingia saa kumi na mbili asubuhi, kabla yake. Maboksi ninayo tele stoo, na mwandiko wangu sasa umenyooka.

Namwomba Mungu anisamehe hasira nyingi. Hii bado sijaiombea msamaha.