Karatasi ya Meno

Victorine alichovya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto katika kikombe cha maji ya chumvi, akafumba macho. Kidole kilikuwa na alama mbili za meno, moja juu na moja chini, na ile ya juu ilikuwa imeanza kutunga usaha. Kwa fundi wa cherehani kidole hicho ndicho bwana, maana ndicho kinachosukuma kitambaa chini ya sindano. Tangu serikali iamuru watu wafunike pua, nusu ya mtaa ule wa Annexe ilivaa cache-nez zilizopita mkononi mwake. Sasa kila mshono ulimtoa chozi.

Aliyemng'ata alikuwa ameketi mlangoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitazama kipande cha bukari, ugali wa jana, bila kukigusa. Exaucée, umri miaka saba. Jina hilo alipewa kwa sababu wazazi wake walimwomba kwa Mungu miaka minne, na wakasikiwa. Hakuwa mtoto wa kung'ata watu. Ni mama yake aliyekuwa akimtia kidole kinywani kila usiku, amekizungushia kitambaa, ili meno yasisikike upande wa pili wa ukuta.

Kwani meno ya Exaucée yalisaga. Mwezi wa tatu kampuni ya shaba alikofanya kazi baba yake ilifunga geti, wafanyakazi wote wakiwa ndani, ili corona isiingie na shaba isiache kutoka. Walisema mwezi mmoja. Shule nayo ikafungwa, na mtoto akaanza kulala vipande vipande. Kisha, mwezi wa saba, watu wenye mavazi meupe toka kichwani hadi miguuni wakaingia kwenye lupango, ule ua walimopanga, kuchukua maiti ya Mzee Léonard, mume wa mwenye nyumba. Exaucée alikuwa bombani anachota maji. Walipuliza dawa barazani, wakapuliza kiti cha mzee, na kabla ya kutoka wakapuliza kandambili za mtoto zikiwa miguuni mwake. Usiku ule ndipo meno yalipoanza.

Mjane wa mzee, Mama Chileshe, alilala upande wa pili wa ukuta wa tofali moja. Jana jioni alikuja na kusimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Mama Exaucée, mi siko muntu mubaya," alisema. "Lakini kila usiku nasikia mutoto wako anatafuna. Anatafuna nini? Mu kinywa hamuna kintu. Muzee anakufa, yeye anaanza kutafuna. Hesabu wee mwenyewe."

"Mama, ni ugonjwa."

"Kama ni ugonjwa, iko na papier. Leta papier ya hôpital, na cachet. Kesho saa kumi. Kama hakuna, tunamupeleka ku chambre de prière, batamuombea."

Usishangae kwamba alitaka karatasi. Mzee Léonard alikuwa karani wa reli miaka thelathini, na katika nyumba ile hata kuku angetaka kutaga angedaiwa stakabadhi. Mama Chileshe hakujua sana kusoma, lakini muhuri aliuheshimu kama ekaristi.

Ile chambre de prière Victorine aliijua vizuri. Watoto walioshukiwa bulozi, yaani uchawi, walikaa mle siku tatu bila chakula wala maji, mpaka waungame. Mwaka jana mtoto mmoja wa jirani alitoka mle akiwa ameungama kwamba alimla mjomba wake, na mjomba huyo mpaka leo anauza chumvi Mitwaba. Hakuna aliyemwomba mtoto radhi.

Saa mbili asubuhi walikuwa getini pa kituo cha afya. Mlinzi aliwapima joto kwa kile kidude cha kuelekezwa kwenye paji la uso, akawatazama midomo.

"Mutoto hana cache-nez."

"Iko nayo, papa. Hii."

Aliitoa mfukoni. Exaucée alikuwa ameitafuna njiani, katikati imebaki nyuzi tupu.

"Hiyo ni cache-nez ao ni nyavu ya samaki? Murudi nyumbani."

Fundi aliyeshona barakoa za mtaa mzima akavua ya kwake, akamvisha mwanawe, naye akajifunika pua kwa pindo la kitenge. Mlinzi akapisha. Sheria ilikuwa imetimia.

Foleni ilikuwa ndefu na benchi lilikuwa la saruji baridi. Ilipofika saa sita simu ililia. Ilikuwa saa ya chakula kule mgodini, saa pekee mumewe Gauthier aliyoruhusiwa kushika simu. Exaucée alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, kichwa kimeangukia nyuma.

"Gauthier, lomba ruhusa," Victorine alisema kwa sauti ya chini. "Siku moya tu. Akuone."

"Nikitoka, barrière inafungwa nyuma yangu. Bengine beko banangoja fasi yangu. Vumilia, banasema bado mwezi moya."

"Toka mwezi wa tatu ni bado mwezi moya."

"Sasa nifanye nini, Victo?"

Victorine alishusha simu karibu na kinywa cha mtoto. Meno yalikuwa yanasaga, polepole, kwa nguvu, kama mtu anayeburuta sanduku juu ya kokoto.

"Hiyo njo nini inalia?"

"Ni binti yako."

Laini ikakatika, au aliikata yeye. Victorine alipoinua kichwa, benchi lilikuwa limebaki tupu pande zote mbili. Wagonjwa waliokuwa wakisukumana tangu asubuhi walikuwa wamesimama mbali, mikono kifuani, wanamtazama mtoto. Bibi mmoja alikuwa ameshika rozari. "Kulia na kusaga meno," alinong'ona, na wenzake wakatikisa vichwa.

Angalau zamu yake ilifika mapema. Nesi, kijana aliyeitwa Clovis, ambaye wote walimwita docteur kwa kuwa daktari hakuwepo, alitoka kuona kwa nini watu wamehama.

"Iko na fièvre, mwili moto?"

"Hapana."

"Anakohoa?"

"Hapana, docteur. Anasagaka meno. Halalake muzuri. Anaamukaka, analia, anasema bantu beupe beko ku mulango."

Clovis alimfungua mtoto mdomo kwa kijiti, akamulika kwa simu. Meno ya nyuma yalikuwa yamelika, yamekuwa bapa.

"Toka lini?"

"Toka mwezi wa saba."

"Baba yake iko wapi?"

"Ku mine. Balibafungia."

Clovis alizima mwanga. Alikuwa na macho mekundu ya mtu ambaye naye halali. "Siku hizi bananiletea bengi sawa huyu," alisema. "Kwa Kifaransa kuko na jina. Haiue. Mutoto akitulia, akiacha kuogopa, inaisha."

"Dawa yake?"

"Hatuna dawa ya woga hapa, mama. Tuko na ya malaria, na yenyewe imeisha."

Basi Victorine akamweleza: ukuta, mzee aliyekufa, saa kumi, karatasi. Clovis alisikiliza mpaka mwisho, na hilo tu lilitosha kumfanya Victorine atake kulia. Akavuta fomu. Ilikuwa na visanduku vya homa, kikohozi, mafua, kupungukiwa pumzi. Kisanduku cha mtoto anayeogopa hakikuwemo. Chini kabisa palikuwa na mstari wa maoni. Akaandika neno moja kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akagonga muhuri.

"Docteur, andika tena kama haiko bulozi."

"Mama, nikiandika 'bulozi' ku papier ya Leta, ya serikali, chef wangu ataniuliza ni shule gani ilinifundisha. Ile jina inatosha. Ni jina ya ugonjwa."

Victorine aliikunja karatasi mara mbili, akaitia kifuani. Njiani alijisikia mwepesi. Alimnunulia Exaucée andazi, mtoto akalimaliza lote, na mama alipoona hivyo akacheka peke yake barabarani mpaka mwenye mkokoteni wa makaa akageuka. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu kulikuwa na mtu, tena mtu mwenye muhuri, aliyesema kwamba mwanawe ana ugonjwa tu.

Mama Chileshe alikuwa anamngoja barazani, kwenye kiti cha mzee. Alivaa miwani ya marehemu, yenye mkono mmoja uliofungwa kwa uzi. Alipokea karatasi kwa mikono miwili, akautazama muhuri kwanza, akauridhia. Kisha kidole chake kikashuka hadi kwenye lile neno, na akalisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Bru. Xi. Sme."

Akarudia. Mara ya tatu alibakia na mkia wake peke yake mdomoni.

"Isme."

"Ni jina ya ugonjwa, mama. Ya meno. Docteur amesema."

"Satanisme," Mama Chileshe alisema taratibu. "Occultisme. Fétichisme. Muzee alikuwa ananisomeaka gazeti kila siku ya Mungu, mi najua hii maneno. Hakuna hata moya ya muzuri inamalizikaka na isme."

Victorine alitafuta haraka kichwani, akapekua kila Kifaransa alichowahi kujifunza kwa masista, akapata.

"Na catéchisme, mama?"

Midomo ya Mama Chileshe ilicheza bila sauti, na Victorine akaona kabisa kwamba mlango umefunguka kidogo. Halafu yule mama akaitazama tena karatasi, na kidole chake kikarudi kwenye muhuri.

"Catéchisme hailombake cachet ya hôpital," alisema. "Docteur mwenyewe ameandika, na Leta imegonga. Mi nilikuwa nasema pengine nakosea. Sikosee."

"Mama, tafazali. Haiko vile. Twende kwa docteur, akwambie yeye mwenyewe."

"Saa hii bamesha kufunga." Alivua miwani, akaifuta kwa kanga, na ghafla sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Sikumuoshaka, Victorine. Miaka makumi ine na tatu tulilala pamoya, banamuweka mu mufuko, banafunga, bananiambia mama usikaribie. Kilio hakuna. Sijue hata kama ni yeye balizika. Muntu hakufake tu vile. Kuko mwenye alimukula."

Victorine alimhurumia, na alimchukia, vyote kwa pamoja. Watu wale weupe walikuwa wamepita lupango moja siku moja, wakamwacha mmoja na meno na mwingine na hili. Hakuna aliyerudi kuuliza walioachwa wanalalaje.

"Kesho asubui chambre de prière," Mama Chileshe alisema. "Ao mutoke leo."

Akaikunja karatasi, akaitia katika sanduku la bati la mzee, pamoja na vitambulisho vya reli, akafunga kwa kufuli. Victorine aliiomba. Hakurudishiwa. Ilikuwa ushahidi sasa, na ushahidi huhifadhiwa.

Kufungasha hakukuchukua muda. Nguo ziliingia katika mfuko mmoja, sufuria katika mwingine, godoro akaliacha. Exaucée alikuwa amesinzia juu ya ndoo yake. Victorine alimbeba mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akaweka cherehani kichwani juu ya kata. Angekwenda kwa dada yake Kiki, ng'ambo ya pili ya Annexe, ambako watu saba walikuwa katika chumba kimoja. Huko nako kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na watu.

Alipofika barabarani meno yakaanza, karibu kabisa na sikio lake. Wanawake waliokuwa wakipanga makaa wakainua vichwa. Mmoja akamvuta mtoto wake nyuma ya sketi. Mkono wa Victorine, kwa mazoea, ukaenda nyuma, na kidole chenye kidonda kikagusa midomo ya moto ya mwanawe.

Kikasimama hapo. Kisha akakitoa, akaurudisha mkono kwenye cherehani.

"Saga, mama," alimwambia binti yake. "Saga, basikie."

Akapita katikati yao polepole, na mtoto akasaga njia nzima.